Mgeni Njoo, Mwenyeji Alipe

Mdogo wangu alikuwa amelazwa siku ya tatu, dripu mkononi, akisubiri kuongezwa damu. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, namalizia kazi ya mteja kwenye simu. Mimi huishi kwa kuandikia watu: leo bima, kesho mbolea, kesho kutwa afya. Siku hiyo ilikuwa makala fupi kuhusu dawa mpya za virusi. Mgonjwa alikuwa ameshachoka kuangalia dari, akaniambia, "Ebu nisomee."

Nikamsomea. Kulikuwa na aya moja niliyojivunia. Niliandika kwamba dawa za kawaida hukishambulia kirusi chenyewe, lakini sasa kuna watafiti wanaotafuta dawa za kufunga milango ambayo seli zetu hukifungulia. Kwa sababu virusi vingi hupitia milango ileile, dawa moja ingeweza kuzuia magonjwa mengi, hata ambayo bado hayajatokea. Halafu nikaandika kwamba watafiti huchagua protini ambazo mwili unaweza kuzikosa bila shida kubwa.

Akanikatiza. "Nani alisema mwili unaweza kuzikosa?"

"Wanasayansi."

"Mwili wa nani?"

Ana miaka 17 na ana selimundu, ugonjwa ambao kwetu nyumbani tunauita tu sikoseli. Tangu utotoni amesikia mwili wake ukijadiliwa na watu waliosimama huku yeye amelala. Akiuliza swali kama hilo, haulizi kwa mchezo. Nilijaribu kujibu, nikababaika, nesi akaja na damu, tukaliacha hapo. Makala niliituma vile ilivyokuwa na pesa ikaingia. Swali ndilo lililobaki, na baada ya miezi kadhaa ya kulizunguka naona afadhali niliandike.

Tuanze na jinsi mambo yanavyofanya kazi. Kirusi ni kitu maskini sana. Kirusi cha Ebola kina jeni 7 tu. Binadamu ana takriban 20,000 zinazotengeneza protini. Kirusi hakili, hakikui, hakizai peke yake. Kinaingia ndani ya seli yako, kinatumia jiko lako, sufuria zako na unga wako, kisha kinatoka na watoto maelfu na kukuachia masizi. Seli inayovamiwa hivyo, kwa Kiswahili tunaiita mwenyeji, neno lilelile tunalotumia kwa mtu anayekaribisha wageni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, kwa maana kwamba mgeni akija kuku atachinjwa na kila mtu nyumbani atashiba. Huyu mgeni wetu akija, anayechinjwa ni mwenyeji.

Dawa nyingi za virusi tulizonazo humlenga mgeni. Kuna acyclovir ya malengelenge, kuna ARV za HIV, kuna sofosbuvir ya homa ya ini aina ya C. Uzuri wake ni kwamba zinagonga kitu ambacho kirusi kinacho na sisi hatuna, kwa hivyo mwili hauumii sana. Ubaya wake ni kwamba kila dawa ina adui wake mmoja au wachache. Na adui huyo hubadilika. Ndiyo maana mtu wa HIV hupewa dawa kadhaa kwa pamoja: kirusi kikikwepa moja kinakutana na nyingine.

Jirani zetu Uganda walionyeshwa ubaya huo mwaka 2022. Septemba, Ebola ilithibitishwa Mubende. Dunia tayari ilikuwa na chanjo ya Ebola iliyoidhinishwa, na dawa mbili za kingamwili zilizoidhinishwa. Lakini zote zilitengenezwa kwa ajili ya aina ya Zaire, na hii ilikuwa aina ya Sudan. Jina la ugonjwa lilikuwa lilelile, kufuli ilikuwa tofauti. Kufikia Januari 2023, mlipuko ulipotangazwa kuisha, watu 55 waliothibitishwa kuwa na ugonjwa huo walikuwa wamekufa.

Sasa angalia upande wa mwenyeji. Mwaka 2011 vikundi viwili vya watafiti vilitangaza kwamba Ebola, ili iingie ndani kabisa ya seli, inahitaji protini yetu moja inayoitwa NPC1. Aina ya Zaire inaihitaji, ya Sudan inaihitaji, na hata Marburg, ule ugonjwa uliowapata wageni wawili waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, mmoja 1980 na mwingine 1987, inaihitaji. Mlango ni mmoja kwa ukoo mzima. Ukiweza kuufunga kwa wiki mbili tu wakati wa mlipuko, hutajali ni aina gani imekuja. Hutasubiri miezi ya kutengeneza dawa mpya huku watu wakizikwa kwenye mifuko. Isitoshe, kirusi kinaweza kujibadilisha chenyewe, lakini hakiwezi kubadilisha jeni zako wewe.

Nikisoma hayo, nasisimka kabisa. Sitaki mtu afikiri naandika kuzipinga hizi dawa. Sisi ndio tunaoishi karibu na misitu na mapango ambamo magonjwa haya hutokea, kwa hivyo sisi ndio tungekuwa wa kwanza kuzihitaji.

Lakini mlango haukujengwa kwa ajili ya Ebola. NPC1 ina kazi yake: hutoa kolesteroli kutoka kwenye vyumba vya ndani vya seli ambako taka na chakula huvunjwavunjwa. Tunajua kazi hiyo kwa sababu kuna watoto wanaozaliwa bila NPC1 inayofanya kazi. Ni ugonjwa wa nadra. Kolesteroli inajazana kwenye seli, ubongo unaharibika polepole, na mtoto aliyekuwa akikimbia anaanza kuanguka, kisha anapoteza maneno, kisha anashindwa kumeza. Wengi hufa mapema. Watafiti walipochukua seli za ngozi za wagonjwa hao na kuziwekea Ebola kwenye maabara, kirusi kilishindwa kuingia.

Nilisoma hilo mara tatu. Ushahidi kwamba huo ndio mlango ulitoka kwa watu ambao kukosa mlango huo ndio ugonjwa wao.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti huohuo lililonifanya niweke simu chini. Panya waliorithi nakala moja nzima ya jeni hiyo na moja mbovu, wengi wao walinusurika walipoambukizwa Ebola. Walikuwa wazima kwa nje, na mlango wao ulikuwa umefungwa nusu. Ukitoka Kisumu au Kilifi, hadithi hiyo si mpya. Unaijua kwa jina lingine.

Mwaka 1949, kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi hii akipima damu za watu. Aligundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi kando ya Ziwa Victoria na Pwani, na ilikuwa chache mno kwenye nyanda za juu zenye baridi. Palipokuwa na mbu wengi ndipo palipokuwa na jeni hiyo kwa wingi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mtu mwenye nakala moja ya jeni hiyo analindwa dhidi ya malaria. Utafiti wa baadaye, ukiwemo uliofanyika Kilifi, umeonyesha kwamba ulinzi huo hupunguza malaria kali kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuna kiwanda kilichotengeneza dawa hiyo. Ni mwili wa mwenyeji uliobadilishwa kidogo ili mgeni asistawi.

Mimi nina nakala moja. Baba na mama wana moja moja pia. Wazazi wa namna hiyo wakipata mtoto, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba atarithi zote mbili. Mdogo wangu alirithi zote mbili. Yale yanayonilinda mimi kwenye malaria ndiyo yanayopinda chembe zake za damu hadi zinakwama kwenye mishipa, na usiku mwingine anang'ata mto ili mathe asiamke. Kibaya zaidi, malaria ikimpata yeye ni hatari kuliko ikimpata mtu mwingine yeyote nyumbani, ndiyo maana humeza Paludrine kila siku. Nilipomweleza habari za Allison, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo mimi ndio nililipa."

Nilitaka kumwambia si hivyo. Lakini ni hivyo. Hesabu ya kizazi kizima ilifanywa na mbu na kifo kwa maelfu ya miaka, ikaamua kwamba watoto wengi wakinusurika malaria, si hasara wachache wakizaliwa kama yeye. Asili haina kosa kwa sababu haina akili ya kuulizwa. Haikuomba ruhusa kwa mtu yeyote, na hakuna mtu wa kushtakiwa.

Tofauti inaanza hapo. Binadamu anapokaa maabara na kuamua kufunga mlango wa mwenyeji, kuna mtu wa kuulizwa. Kuna mtu aliyesema protini hii tunaweza kuikosa. Na swali la mdogo wangu, mwili wa nani, linageuka kuwa swali la haki.

Chukua mfano ulio wazi zaidi. HIV huingia kwenye seli kwa kushika mlango mkuu, halafu wa pili, ambao mara nyingi ni protini inayoitwa CCR5. Kuna watu, karibu asilimia 1 ya wenye asili ya Ulaya, waliozaliwa bila CCR5 inayofanya kazi, na HIV ya kawaida hushindwa kuwashika. Kwa Waafrika badiliko hilo karibu halipo. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin na aliyekuwa na HIV pamoja na saratani ya damu, alipandikizwa mwaka 2007 uboho wa mtu mwenye badiliko hilo. HIV ikatoweka mwilini mwake, akawa mtu wa kwanza kujulikana kupona. Alifariki mwaka 2020 kwa sababu saratani ilirudi.

Mwaka huohuo wa 2007, Marekani iliidhinisha maraviroc, kidonge kinachoziba CCR5. Ni mojawapo ya dawa chache sana za kufunga mlango wa mwenyeji dhidi ya kirusi ambazo zimefika hadi kwa wagonjwa. Aplaviroc, iliyolenga mlango huohuo, ilisimamishwa majaribioni mwaka 2005 kwa sababu iliumiza maini. Hata maraviroc haimfai kila mtu, kwa kuwa kuna HIV inayotumia mlango mwingine, CXCR4, na mgonjwa lazima apimwe kwanza. Kumbe kirusi hakiwezi kubadilisha jeni zako, lakini kinaweza kuzunguka nyuma ya nyumba.

Kwa miaka kadhaa CCR5 ilionekana kama kitu cha ziada. Watu wasiokuwa nayo walikuwa wanatembea Ulaya, wanafanya kazi, wanazeeka. Kisha mwaka 2006 watafiti wakaonyesha kwamba mtu asiye na CCR5, akiambukizwa homa ya West Nile, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua. Kirusi hicho kimepewa jina la eneo la Uganda ambako kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937. Protini iliyoonekana haina kazi mahali ambapo homa hiyo haikuwa ikisumbua watu ilikuwa na kazi mahali pengine. Hakukuwa na uongo wowote kwenye kauli kwamba watu huishi vizuri bila CCR5. Ila watu hao walikuwa watu fulani, wa mahali fulani, wenye maji safi na msimu wa baridi unaoua mbu.

Basi hilo ndilo jibu la kwanza kwa mdogo wangu. Kusema kwamba sehemu fulani ya mwili si ya lazima ni kusema pia ni wapi, ni lini, na kwa nani. Ukiniambia sihitaji jaketi, nitakuuliza uko Mombasa au Limuru. Dawa ya kufunga mlango ikijaribiwa kwa vijana wenye afya wa London, tutajua inawafanya nini vijana wenye afya wa London. Hatutajua itamfanya nini msichana wa Homa Bay mwenye minyoo, upungufu wa damu na malaria mara mbili kwa mwaka. Hatutajua itamfanya nini ndugu yangu. Na ugonjwa ukilipuka, hao ndio watakaopewa.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tulisoma naye kabla sijaacha chuo, aliniambia nazidisha. Hoja yake ni hesabu. Kila dawa ina madhara, akasema. Ikiokoa watu elfu moja na kuumiza kumi, tumeshinda, na mtu anayelilia wale kumi awaangalie usoni wale elfu. Sidharau hoja hiyo. Ukikaa kando ya kitanda cha mtu wa Ebola hutauliza kuhusu kolesteroli. Mtu anayekufa ana haki ya kufunga mlango wowote wa nyumba yake akitaka, hata kama paa litavuja baadaye.

Lakini hesabu hiyo inaficha kitu. Dawa zinazolenga kirusi hupewa mgonjwa. Hizi za mwenyeji, faida yake kubwa inasemekana kuwa ni kuzuia: uwape wahudumu wa afya, familia, kijiji kizima, kabla mgeni hajabisha. Yaani unaenda kwa mtu mzima ambaye huenda hataugua kamwe, unamwambia atoe kidogo kazi ya mwili wake kwa ajili ya usalama wa wote. Unamwomba mchango. Sisi Wakenya tunaijua michango. Tunajua pia tofauti kati ya mchango na pesa inayokatwa kwenye mshahara wako bila kuulizwa, halafu hospitali unayofika nayo haina dawa.

Niseme jambo la nyumbani kwa sababu ndilo lililonifunza hili. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mdogo wangu alipata shida ya kifua, akalazwa wiki kadhaa. Pesa iliyokuwepo ilikuwa karo yangu. Jioni moja mathe aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniambia, "Nikitoa hii pesa, hutarudi Septemba, na sijui ni lini utarudi. Unasemaje?" Nikasema toa. Sijarudi mpaka leo. Kuna siku inaniuma, siwezi kudanganya. Lakini haijawahi kunifanya nimchukie mtu, na nadhani ni kwa sababu niliulizwa, niliambiwa ukweli wote, na aliyenufaika nilimwona kwa macho yangu akitoka wadini kwa miguu yake. Laiti mathe angeenda kulipa kimyakimya na mimi nigundue kwenye foleni ya usajili, pesa ingekuwa ileile na kitanda kilekile, lakini leo ningekuwa mtu mwingine.

Ndiyo maana neno la muhimu kwangu hapa ni ridhaa, na ridhaa haiwezekani bila ukweli. Nchi hii ina somo lake. Mwaka 1990, taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI, na Rais Moi mwenyewe akaizindua. Vijana wengi hawajui kwamba Kemron ilikuwa ya ukoo huu huu ninaouzungumzia. Ilikuwa interferoni, kwa kiasi kidogo sana, inayowekwa mdomoni. Interferoni iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Ni king'ora cha mwili: seli iliyovamiwa huitoa, na seli za jirani zikisikia hufunga milango yao. Haichagui kirusi. Kama kuna dawa ya mwenyeji iliyo ya asili kabisa, ni hiyo.

Wazo, kwa hivyo, halikuwa la kipumbavu. Kilichokosekana ni subira. Tangazo lilitangulia ushahidi. Baadaye majaribio yenye kulinganisha dawa na kidonge kisicho na dawa, likiwemo lililofanyika Uganda, hayakuona faida yoyote kwa watu wenye HIV. Watu waliomeza kwa matumaini hawakuwa wameridhia majaribio. Walikuwa wameamini tangazo. Kwingineko interferoni ilitumika kweli, kwa sindano na kwa kiasi kikubwa, kutibu homa ya ini aina ya C, na iliponya baadhi ya watu. Lakini king'ora kikilia miezi kwa miezi ndani ya nyumba, wenye nyumba hawalali. Wagonjwa wengi walipata homa na uchovu, na wengine wakaingia kwenye huzuni nzito iliyohitaji matibabu yake yenyewe.

Na hata pasipo na haraka ya wanasiasa, dawa hizi hufeli kimya kimya. Celgosivir, inayozuia seli zetu zisimalizie kuunda protini za kirusi, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa dengi Singapore. Ilikuwa salama, lakini haikupunguza virusi wala homa kwa kiwango cha maana. Camostat, iliyotarajiwa kufunga mlango wa Covid, haikusaidia wagonjwa hospitalini. Kinachofanya kazi kwenye sahani ya maabara si lazima kifanye kazi kwenye mtu, kwa sababu seli ikifungiwa mlango mmoja mara nyingi ina mwingine, na kirusi pia.

Sasa mimi nasimama wapi? Nasimama upande wa kutafuta dawa hizi, kwa bidii na kwa pesa za umma. Lakini kuna mambo sitayalegezea.

La kwanza, mlango uliofungwa uweze kufunguliwa tena. Maraviroc ukiacha kuimeza, CCR5 yako inarudi kazini. Linganisha na He Jiankui, mwanasayansi wa China aliyetangaza Novemba 2018 kwamba amehariri jeni hiyohiyo ya CCR5 kwenye viinitete, na mapacha wa kike tayari wamezaliwa. Alitaka wasiwahi kupata HIV. Aliwafungia mlango watu ambao hawajazaliwa, pengine na wajukuu wao, kwa ugonjwa ambao tayari una njia nyingine za kuukinga. Alihukumiwa miaka 3 jela, na nadhani kila mtu alihisi kosa lake hata kabla ya kulieleza. Kwangu mimi kosa ni kwamba alifanya kile ambacho asili ilimfanyia ndugu yangu, huku yeye akiwa na akili na mdomo wa kuuliza.

La pili, dawa ijaribiwe kwenye miili ya watu watakaoimeza, na waambiwe mlango huo una kazi gani nyingine, kwa lugha wanayoielewa. Kusema "madhara madogo" hakutoshi. Mtu aambiwe: hii protini tunayoifunga hufanya hivi, watu wanaozaliwa bila yake hupata hivi, tutaifunga kwa siku kadhaa, hiki tunakijua na hiki hatukijui. Mtu akishaambiwa hivyo akakubali, huo ni mchango. Akikataa, asiitwe mjinga.

La tatu ni la aibu kulisema kwa sababu lingepaswa kuwa wazi: anayechangia mwili wake awe kwenye foleni ya kwanza dawa ikipatikana. Matibabu ya ARV za pamoja yalianza kuokoa watu Marekani na Ulaya mwaka 1996. Hapa kwetu hospitali za umma zilianza kuyatoa kwa wingi baada ya 2003. Katikati ya miaka hiyo kuna makaburi, na kila familia ninayoijua ina lake moja.

Utu, nikiuelewa vizuri, haukatazi watu kubebana. Mwili wangu wenyewe unabebwa na deni ambalo sikulikopa: nimelala bila neti mara nyingi na nikaamka, na ninajua ni kwa sababu gani. Siwezi kulilipa. Ninachoweza ni kukataa kuandika tena kwa wepesi kwamba mwili unaweza kukosa kitu fulani, kana kwamba kuna mwili mmoja tu duniani na wote tunauazima.

Wiki iliyopita nilimsomea ndugu yangu rasimu ya makala hii. Yuko nyumbani, yuko sawa, anajiandaa na mitihani. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakula mahindi ya kuchoma.

"Hiyo dawa ya mlango," akasema, "ukiacha kumeza, mlango unafunguka?"

"Ile nzuri, ndiyo."

"Na wanakuuliza kwanza?"

"Wanapaswa."

Akatafuna kidogo. "Basi mimi wakiniuliza, naweza kukubali. Lakini waniulize mimi, si wewe."